Matumbawe yanayong'aa: je, rangi kali ni dalili ya afya?

Swali: "Huwa nazamia usiku nikiwa na tochi ya mwanga wa buluu na kichujio cha njano kwenye barakoa. Matumbawe ambayo mchana ni ya kahawia tu huwaka kijani, machungwa na nyekundu. Mwenzangu mmoja anasema linalong'aa sana ndilo lenye afya. Mwingine anasema rangi hizo ni sumu, au ni tochi tu inayonidanganya macho. Sasa, baada ya wiki kadhaa za joto kali, sehemu moja niliyoizoea imegeuka: matawi yamekuwa ya waridi na zambarau ya kuvutia mno, hata mchana bila tochi. Je, mwamba umestawi au unaumwa? Na tochi yangu inawadhuru viumbe hao, au inanidhuru mimi?"

Jibu:

Nianze na lisiloweza kusubiri. Matawi yaliyogeuka waridi na zambarau mchana kweupe, baada ya wiki za joto, mahali ulipozoea kuona kahawia, mimi nayahesabu kuwa yako taabuni mpaka yachunguzwe na kuonekana vinginevyo. Uzuri wake ni wa kweli, na wengi huuona wakadhani mwamba umeneemeka. Lakini si habari ya msiba pia. Tumbawe lenye rangi hizo liko hai, na rangi zenyewe ni sehemu ya jitihada zake za kujiokoa. Ili ueleweke msingi wa jibu hili, lazima kwanza tujue kila rangi inatoka wapi, kwa hiyo nivumilie nikupeleke polepole.

Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni jamii ya wanyama wadogo waitwao polipu, walioungana nyama kwa nyama juu ya kiunzi cha chokaa walichokijenga wenyewe. Nyama yao peke yake ni angavu, unaweza kuona kiunzi cheupe kilicho chini yake. Ile kahawia ya mchana si ya mnyama. Ni ya mwani wa seli moja, zooksanthela, unaoishi ndani ya seli zake kwa mamilioni. Mwani huo hufanya usanisinuru na kumpa mnyama sehemu kubwa ya chakula chake, naye huupa makazi na taka zake za naitrojeni, ambazo kwake ni mbolea. Klorofili na rangi nyingine za mwani ndizo zinazochanganyika kuwa kahawia.

Juu ya hizo kuna rangi anazozitengeneza mnyama mwenyewe, nazo ni protini. Hapa pana makundi mawili ambayo watu huyachanganya sana. Kundi la kwanza hupokea mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. Hizo ndizo unazoziona usiku kwa tochi yako. Kundi la pili hufyonza tu baadhi ya mwanga, na unaobaki kuakisiwa huonekana waridi, zambarau au buluu. Hizi huzioni zikiwaka kwa tochi ya buluu, ila mchana zinaonekana wazi. Kwa maelezo yako, sehemu kubwa ya kilichojitokeza kwenye mwamba wako ni hili kundi la pili. Tutalirudia.

Sasa kuhusu huko kung'aa. Matumbawe yako hayazalishi mwanga. Jina la jambo hili ni floresensi, alilolipa mwanafizikia George Stokes mwaka 1852 alipokuwa akichunguza mawe na miyeyusho inayotenda vivyo hivyo. Protini ikipigwa na mwanga wa buluu, elektroni zake hupandishwa nishati kwa muda mfupi mno, kisha hushuka. Katika kushuka, nishati kidogo hupotea kama joto, na iliyobaki hutoka kama mwanga. Ni kama mpira unaodunda: haurudi kwenye kimo ulichoachiwa. Kwa kuwa mwanga wenye nishati pungufu una mawimbi marefu zaidi, buluu inayoingia hutoka ikiwa kijani, njano, machungwa au nyekundu, kutegemea umbo la protini iliyoipokea. Zima tochi, na kila kitu kinazimika papo hapo.

Viumbe wanaozalisha mwanga wenyewe wapo, lakini njia yao ni nyingine kabisa. Wao huchoma kemikali ndani ya mwili kwa msaada wa vimeng'enya, na mwanga wao huonekana gizani pasipo tochi yoyote. Wakati mwingine mambo haya mawili hukutana katika kiumbe mmoja, na ndipo historia ya somo hili ilipofunguka. Mwaka 1962 mwanakemia Osamu Shimomura na wenzake, wakichunguza konyeza aitwaye Aequorea victoria, walieleza protini inayotoa mwanga wa buluu kwa kemia, na pembeni yake protini ya pili inayoipokea buluu hiyo na kuitoa kijani. Hiyo ya pili ndiyo protini ya kijani iliyokuja kutumika katika maabara duniani kote kufuatilia kinachotendeka ndani ya seli hai, na mwaka 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake. Mwaka 1999 Mikhail Matz, Sergey Lukyanov na wenzao walionyesha kwamba matumbawe na jamaa zake, ambao wala hawazalishi mwanga, wana protini za ukoo huohuo, ikiwemo nyekundu.

Umbo la protini hizi hunistaajabisha kila ninapolieleza. Ni pipa dogo lililofumwa kwa nyuzi 11, na katikati yake asidi amino tatu (vipande vinavyounda protini) zinajikunja na kuungana zenyewe kuwa kiini chenye rangi. Haihitaji kimeng'enya cha kuiunga, inahitaji oksijeni tu. Badilisha asidi amino chache karibu na kiini, na kijani inakuwa buluu ya kijani, njano au nyekundu. Ndiyo maana matumbawe mawili ya spishi moja, yaliyokaa ubavu kwa ubavu, huweza kung'aa rangi tofauti kabisa bila mojawapo kuwa na kasoro.

Rangi moja, hata hivyo, usiihesabu kuwa ya mnyama: nyekundu iliyokoza, ile ya kina. Mara nyingi ni klorofili ya mwani. Klorofili ikimulikwa kwa buluu hutoa nyekundu yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 680, iwe iko ndani ya tumbawe, ndani ya nyasi za baharini, au katika utando wa mwani uliotanda juu ya jiwe. Ninalisisitiza hili kwa sababu linapotosha hata wazamiaji wazoefu. Tumbawe lililokufa mwezi uliopita na kufunikwa na mwani huwaka nyekundu kwa nguvu chini ya tochi ya buluu. Ukiona nyekundu tupu iliyosambaa bila umbo la polipu, washa tochi nyeupe uangalie kama hapo pana nyama hai au pana manyoya ya mwani.

Je, tochi inakudanganya macho? Hapana, ila inakuonyesha jambo ambalo mchana limefunikwa. Kichujio chako cha njano huzuia buluu ya tochi inayoakisiwa na kupitisha tu mwanga uliobadilishwa. Bila hicho, buluu ingezima kila kitu. Na kuna jaribio unaloweza kulifanya mchana bila kifaa chochote. Maji hufyonza nyekundu haraka, na ukishuka mita 10 imebaki kidogo sana, huku buluu ikiendelea kushuka mbali. Sponji nyekundu kwa hiyo huonekana ya kijivu au nyeusi huko chini, mpaka uimulike kwa tochi nyeupe. Ukikuta kitu kinang'aa nyekundu katika mita 25 bila taa, hakiakisi nyekundu kwa sababu hakuna ya kuakisi. Kinaitengeneza kutoka kwenye buluu.

Suala la sumu nalimaliza haraka. Floresensi haina uhusiano wowote na sumu, wala na mionzi ya nyuklia. Lakini rangi haikuhakikishii usalama vilevile. Baadhi ya zoanthidi, jamaa za matumbawe wasio na kiunzi kigumu, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali sana zitokazo kwa viumbe, na wengi wao wana rangi za kupendeza. Usiguse chochote kwa kuamini rangi yake, na usiogope chochote kwa rangi yake.

Rangi hizi zina kazi gani? Hapa majibu ni zaidi ya moja, na nadhani kosa kubwa katika maandishi mengi ni kutafuta jibu moja kwa matumbawe yote. Mwaka 1944 mtafiti Siro Kawaguti, aliyefanya kazi katika visiwa vya Palau vya Pasifiki, alipendekeza kwamba rangi za kijani ni kinga dhidi ya jua kali. Mwaka 2000 Anya Salih na wenzake walionyesha kwamba matumbawe ya maji mafupi hupanga rangi zake juu ya mwani na kupunguza mwanga unaoufikia, na kwamba wakati wa joto yenye rangi nyingi hayakupauka, yaani kupoteza mwani na kuwa meupe, kwa kiasi cha mengine. Hoja hiyo ina nguvu kwenye maji mafupi, hasa kwa zile rangi za waridi na zambarau zinazofyonza. Kwenye vina virefu haina maana, kwa sababu huko mwanga ni haba, na bado matumbawe hung'aa mno. Huko baadhi yake hugeuza buluu kuwa machungwa na nyekundu, ambazo hupenya ndani zaidi ya nyama na kuufikia mwani uliojificha chini. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliripoti kwamba viumbe wadogo waogeleao huvutwa na mwanga wa kijani wa aina hiyo, kwa hiyo kwa tumbawe la kina kirefu huenda ni chambo. Kwangu mimi, ushahidi unaelekea kwamba protini zilezile zimepewa kazi tofauti kwa kadiri ya kina na spishi.

Utaona pia kwamba si matumbawe pekee. Anemoni za baharini, minyoo ya mwambani, sponji zenye bakteria wa usanisinuru ndani yake, na mwani mgumu wa chokaa unaowaka machungwa, wote watajitokeza kwenye tochi yako. Mwaka 2014 utafiti mmoja uliorodhesha zaidi ya spishi 180 za samaki wanaong'aa hivi, na mwaka 2015 mwanabiolojia wa bahari David Gruber alimrekodi ng'amba, aina ya kasa, aking'aa kijani na nyekundu huko Visiwa vya Solomon. Kwenye papa wadogo wa miambani kazi hiyo haifanywi na protini za matumbawe bali na molekuli ndogo zenye bromini. Pokea kwa tahadhari habari zinazosema kila kiumbe anayeng'aa anawasiliana. Ili iwe ishara, lazima mwanga huo uonekane katika mazingira halisi, si kwa tochi na kichujio tu, na lazima awepo mwenye jicho linaloweza kuuona. Kwa viumbe wengi hilo halijathibitishwa.

Sasa swali la mwenzako: linalong'aa sana ndilo lenye afya? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mng'ao unategemea spishi, kurithi, kina, kiasi cha mwanga, na kiasi cha mwani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 kwa tumbawe la jamii ya Acropora lilionyesha kwamba chini ya baridi kali na chini ya joto kali, floresensi ya kijani ilishuka mapema. Waliozoea baridi walirudisha mng'ao wao, wa joto walipauka. Lakini tumbawe likishapoteza mwani wake, kijani iliyosalia huonekana kali zaidi, maana hakuna tena kahawia ya kuifunika wala ya kuinyang'anya mwanga. Kwa maneno mengine, mng'ao unaweza kushuka kwa ugonjwa na unaweza kupanda kwa ugonjwa. Kutazama mara moja hakukwambii lolote. Kinachosema ni badiliko la tumbawe lilelile kwa muda.

Ndipo tunaporudi kwenye matawi yako. Maji yakizidi wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa mahali hapo kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi na kudumu hivyo wiki 4 au zaidi, hiyo hutosha kuleta kupauka. Usanisinuru wa mwani huvurugika, kemikali zenye oksijeni kali hujilundika ndani ya seli, na ushirika huvunjika: mwani hutoka au hutolewa. Kwa kawaida kinachobaki ni weupe wa kiunzi kikionekana kupitia nyama angavu. Weupe huo si kifo. Polipu bado wako hai, ila wana njaa.

Kwenye baadhi ya matumbawe hutokea jambo la ziada. Mwani ulipokuwepo ulifyonza sehemu kubwa ya mwanga. Ukipungua, mwanga huingia, hugonga kiunzi cheupe na kutawanyika ndani ya nyama, hasa ile buluu. Jeni za protini za rangi kwenye matumbawe mengi huamshwa na mwanga wa buluu. Basi mnyama huanza kutengeneza rangi kwa wingi, na ndani ya wiki chache anageuka waridi, zambarau, buluu au njano inayometa. Kikundi cha Jörg Wiedenmann na Cecilia D'Angelo wa Chuo Kikuu cha Southampton kilieleza mzunguko huu mwaka 2020: rangi hupunguza mwanga wa ziada, kivuli chake humwezesha mwani kurudi, mwani ukirudi hufyonza mwanga, buluu ndani ya nyama hupungua, na utengenezaji wa rangi hushuka. Kahawia inarejea yenyewe.

Lipo jambo la kutia moyo humo. Kupauka huku kunakoambatana na rangi kali hutokea zaidi pale joto lilipokuwa la wastani au la muda mfupi, au virutubisho vya majini vilipovurugika. Joto likiwa kali na la ghafla, mnyama hafi na rangi zake, hufa mweupe kabla ya kupata nafasi ya kuzitengeneza. Kwa hiyo matawi yako ya waridi yana nafasi nzuri kuliko majirani zao waliobaki weupe tupu. Nafasi nzuri si uhakika, lakini. Joto likiendelea, hata hayo yatachoka.

Kabla hujaamua kwamba hilo ndilo lililotokea, tazama rangi imekaa wapi. Ncha za matawi zinazokua na kingo za jeraha linalopona huwa za waridi au zambarau hata kwenye tumbawe zima, kwa sababu mwani bado ni haba hapo. Hiyo ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni rangi iliyoenea tawi zima, hasa upande wa juu unaopigwa na jua, huku sehemu za chini zenye kivuli zikiwa bado za kahawia, na majirani wa spishi nyingine wakiwa wamefifia au weupe. Kadi ya rangi ya CoralWatch, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, ina daraja 6 za kufifia. Tumbawe likishuka daraja 2 au zaidi kwa muda mfupi, hiyo ni dalili ya kupoteza mwani. Kadi hiyo hutumika kwa mwanga wa mchana au tochi nyeupe, si kwa ile ya buluu, na haifanyi kazi vizuri juu ya rangi za waridi kali. Kwa hiyo ipime pia kwenye majirani wa kahawia.

Kuhusu tochi na matumbawe: kuyamulika dakika chache hakulingani na jua la mchana kwenye maji mafupi, na sijali sana hilo. Ninachojali ni usiku wa kuzaana. Matumbawe mengi hutoa mayai na mbegu katika usiku michache baada ya mwezi mpevu, yakiongozwa na mbalamwezi na giza, na mwanga wa bandia huweza kuvuruga saa yao. Siku hizo punguza taa, au usiwashe kabisa. Pia usimmulike samaki aliyelala machoni, na usishike mwamba ulioathirika ili upate picha nzuri zaidi. Nyama iliyopoteza mwani huumia kirahisi.

Kuhusu macho yako, tochi nyingi za floresensi hutoa buluu ya nanomita 440 hadi 460 na zina nguvu nyingi. Usiitazame ikiwa inawaka, wala usimwelekeze mwenzako usoni, na usivue kichujio ukiwa unamulika kitu cheupe kwa karibu. Nyingine huuzwa zikiwa za urujuanimno. Hizo sizipendekezi, kwa sababu jicho haliuoni mwanga wake wote na hivyo halijikingi, na matumbawe mengi huitikia buluu vizuri zaidi kwa vyovyote. Ukihisi mchanga machoni, maumivu na machozi saa kadhaa baada ya kuzamia, au ukiona doa jeusi katikati ya uono lisiloondoka, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Ganzi, udhaifu wa misuli au pumzi kubana baada ya kushika viumbe wa mwambani ni jambo la hospitali mara moja, na umweleze daktari kwamba uligusa zoanthidi au matumbawe.

Na kwa mwamba wako: rudi ndani ya siku chache hizi, mchana, na tochi nyeupe. Chagua matawi manne au matano, yapige picha kutoka pembe moja pamoja na kitu cheupe pembeni ili rangi isahihishwe, andika tarehe, kina na joto la maji, na piga picha pia za majirani weupe. Usiku, yapige hayohayo kwa tochi ya buluu bila kubadilisha mpangilio wa kamera. Kisha zipeleke kwa kituo cha utafiti wa bahari au wasimamizi wa eneo la hifadhi lililo karibu nawe, na umwombe mtaalamu azamie nawe akakague. Picha peke yake haiwezi kutenganisha kupauka na ugonjwa wa nyama, na ukiona ukanda wa nyama unaobanduka, mstari mweupe unaosonga siku hadi siku, au vidonda vyenye utando mweusi, usisubiri kukamilisha rekodi yako. Wapigie simu siku hiyo, na rudia picha kila wiki mpaka ama kahawia irudi au mwani wa manyoya uanze kushika kiunzi.